Kilomita Elfu Kumi na Tano

Lubwama wa shoruumu ya Barabara ya Jinja
ameniwekea chai na mikataba miwili.
Wa kununua: milioni mia mbili na tisini,
gari langu, kadi yangu, mikwaruzo yangu.
Wa kukodi: milioni tano na laki sita kwa mwezi,
miezi thelathini na sita, kisha narudisha funguo
na kuondoka kwa miguu, kama mgeni aliyekwisha aga.

Nyuma yake gari lenyewe linang'aa,
dogo, limetunisha mabega,
rangi yake wanaiita kijivu cha mwezi.
Nimeusukuma mlango kidogo tu. Umejifunga wenyewe, taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.
Viti vinanukia pesa za watu wengine.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Miaka kumi na saba
nimewaambia wenye makampuni:
kinachoshuka thamani, kodini.
Na gari hili, siku litakapovuka geti
na kugusa vumbi la Nakawa,
litakuwa limeniibia milioni arobaini
kabla sijazoea vioo vyake.
Kwenye karatasi, kukodi kunashinda.
Mteja ningemwandikia hivyo, na muhuri ningepiga.

Lakini ibara ya tisa, Lubwama, hebu isome tena.
Kilomita elfu kumi na tano kwa mwaka;
kila inayozidi ina bei yake.
Nimegeuza bahasha, nimeanza kuhesabu:
Kira hadi ofisini na kurudi, elfu nane.
Shuleni kwa Atuheire, siku za wazazi, mia tisa.
Kabale kwa mama, mia nane na ushei kila safari,
mara nne: Pasaka, Krismasi, kupanda, kuvuna.
Zinabaki elfu mbili na mia nane.
Hizo ni misiba mitatu.
Mitatu, Lubwama, na mwaka jana tulizika watano.
Nimpigie nani simu, nimwambie
Mjomba Baryomunsi asubiri Januari,
kilomita zimeniishia?

Na ibara ya kumi na moja: uchakavu wa kawaida.
Kawaida ya wapi?
Kwetu njia hupanda mlima kwa magoti,
mbuzi huota jua juu ya boneti,
na shangazi zangu hupakia viazi na udongo wake
kwenye kiti cha nyuma.
Ukitandika gazeti, umewatukana.

Lubwama anacheka, anashusha sauti.
"Madamu, baba yangu ana kibanja kule Mityana.
Ardhi si yake, haikuwa ya babu yake.
Ndizi hazijawahi kuuliza."

Hapo amenipata.
Kwa maana hata sisi, jiwe la kusagia
lilikuwa la jirani. Lilikaa jikoni kwetu miaka kumi na tisa,
likachongeka kwa mikono ya mama mpaka likawa na bonde.
Siku lililorudi, lilirudi na kapu la mtama juu yake;
chombo cha watu hakirudi kitupu.
Hakuna aliyelipima lile bonde.
Hakuna aliyeuliza kama lilikuwa la kawaida.

Na hili, baada ya miezi thelathini na sita,
nitalirudisha na nini? Nani atapokea mtama
pale dirishani pa malipo?

Nimekunja bahasha. Chai imepoa, nimeinywa hivyo hivyo.
"Nitarudi Jumatatu," nimesema,
na Lubwama, ambaye amezisikia Jumatatu nyingi,
amenifungulia mlango kwa heshima.

Nje, gari langu kuukuu linaungua juani,
lililoshuka melini likiwa tayari limechoka.
Nawasha. Yule mwanamke wa Kijapani ndani ya redio
ananisalimu, kama kila siku kwa miaka tisa,
au ananionya, au ananidai; sijapata kujua.
Ni langu lote, na neno lake moja silielewi.
"Ndiyo, mama," namjibu,
tunaingia barabarani, kilomita zikijihesabu bure.